Kiwanda Kati ya Nyumba Mbili

Siku ya kuagwa, bwana mkubwa wa karakana ya reli alinishika mkono mbele ya mafundi wote, akasema maneno marefu kwa Kijerumani. Mkalimani akayafupisha: "Anasema asante." Nikarudi kwangu Mafiga na nyundo yangu begani, nikafungua mlango, nikakuta hakuna wa kumsimulia. Basi nawaandikia ninyi, vijana niliowaacha pale, kwa herufi hizi mbovu nilizojifunza ukubwani.

Habari za garimoshi mnazijua. Ekseli iliyopasuka njiani mliibeba wenyewe, na mzungu aliyeunguza ndevu zake kwenye tanuri mlimcheka kuliko mimi. Msichokijua ni kiwanda changu cha kwanza, kule milimani juu ya Mkuyuni. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini sikuwa nikipanda kwenda kusalimia jamaa siku za mapumziko, na mimi nikijibu kwamba magoti yanauma. Magoti hayakuwa na neno.

Nilipanda kule baada ya kumuoa Zaina. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi hufuata mama vilevile, kwa hiyo mume huhamia kwa mkewe akakaa kama mgeni mwenye heshima. Mgeni mwenye heshima hulima shamba la wengine. Mimi nilikuwa mlimaji mbaya, mashemeji wakanionea huruma, wakanipeleka kwa mhunzi wao, Mzee Kobelo, aliyekuwa ameanza kutetemeka mikono.

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye mivukuto nipulize moto mpaka mabega yakafa ganzi. Hakunieleza chochote. Jioni akaniuliza chuma kilikuwa na rangi gani kila alipokitoa motoni, nami sikuweza kujibu, maana nilikuwa nikitazama mikono yangu inavyoumia. Akasema, "Kesho utazame chuma. Mikono itauma hata usipoitazama." Ninyi nami niliwaambia hivyohivyo, mkadhani nimelitunga mwenyewe.

Kobelo alinifundisha kwamba jembe huvunjika shingoni, si mdomoni, kwa hiyo shingo ndiyo ifuliwe kwa subira. Alinifundisha kuugonga mtutu wa gobore kwa ukucha na kusikiliza kama una ufa. Na alinifundisha sheria za kiwanda. Kiwanda chetu hakikuwa na kuta, ni paa la nyasi juu ya nguzo, kwenye kilima kinachotenganisha bonde la juu na la chini. Anayekuja huacha silaha yake nje. Kinacholetwa kiwandani hakitajwi nje ya kiwanda. Na watu wakigombana, mhunzi hali nyumbani kwa upande wowote mpaka wapatane. Kuhusu hiyo ya tatu nilicheka, nikamwambia, "Mzee, kwani mtu anashibishwa na makaa?" Hakucheka. Akafa kabla sijaelewa, akaniachia moto.

Kisha vikaja vita, na vilianza kwa kiti. Mkubwa wa ukoo wa Zaina alifariki, na kiti chake kilipaswa kwenda kwa mtoto wa dada yake. Dada walikuwa wawili, wote marehemu, na kila mmoja aliacha nyumba yake. Sisi husema tombo, yaani ziwa, kwa kuwa watu wa nyumba moja wamenyonya ziwa moja. Nyumba ya dada mkubwa ilikaa juu, karibu na msitu na chemchemi. Nyumba ya dada mdogo ilikaa chini, karibu na njia ya Mkuyuni. Kati yao, chini ya kilima cha kiwanda, palikuwa na bonde lenye migomba na mto wa kumwagilia wenye kivuko kimoja, na aliyepata kiti ndiye angeligawa. Wakaanza kwa maneno. Kisha mtu akakata migomba ya mwenzake. Kisha mtu akachomwa mkuki kivukoni, na hapo yakaisha maneno. Wajerumani walikuwa wameshajenga boma Morogoro, lakini wakati ule mkono wao ulikuwa haujafika kwenye mabonde yetu, na watu wa boma walipokuja waliishia Mkuyuni kwa sababu ya mwinuko.

Zaina alikuwa wa nyumba ya juu. Watoto wangu, kwa hiyo, walikuwa wa nyumba ya juu. Mimi nilikuwa wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa watani wao. Familia zote zilizoishi karibu na kivuko, yangu ikiwemo, zilihamishwa, kila mtu kwa ukoo wake. Asubuhi moja Zaina akafunga vyungu kwenye kaniki.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe una moto. Moto hauhami. Kobelo hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Kupika hakunifundisha."

Akacheka, halafu akafuta macho kwa kiganja chenye majivu, akabaki na alama shavuni. Nilitaka kumfuta nikaona haya mbele ya kaka zake. Wakapanda. Shomari, mtoto wetu wa kwanza, ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kumtoka, alitangulia na mkuki niliomfulia mwenyewe.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa pande zote mbili, na mtu wa pande zote mbili hana wa kula naye. Asubuhi walikuja wa juu, mchana walikuja wa chini. Walinisalimia vizuri, wakaniita fundi, wakanikabidhi kazi na kukaa mbali kidogo huku wakinyamaza. Zamani kiwanda kilikuwa baraza, watu wakija hata bila kazi, kuota moto na kusengenya. Sasa nilikuwa nikiongea na chuma. Nawaambia ukweli, nilikuwa nikichelewesha kazi makusudi ili mtu akae muda mrefu zaidi. Mtu wa chini mmoja alipogundua akaniambia, "Fundi, siku hizi umekuwa mzito." Nikamwambia makaa ni mabichi.

Lakini mtu mpweke huona mengi, na mimi niliona vita vile kuliko waliokuwa wakivipigana. Watu wa chini walikuwa na magobore, waliyoyapata kwa wafanyabiashara wa pwani. Walikuwa na baruti, chumvi na nguo. Walikuwa na kiongozi mmoja, Mwenda, mtu wa maneno machache, akisema simameni wanasimama. Ukiwaona wakishuka kivukoni kwa mstari ungesema vita vimekwisha. Udhaifu wao ulikuwa ukungu. Kule kwetu ukungu hulala bondeni mpaka jua lipande, na baruti iliyolowa haina tofauti na mchanga. Waliniletea magobore yaliyogoma kulia wakidhani yameharibika, nikayafungua, nikayafuta, nikawarudishia. Sikuwaambia ni ukungu. Hawakuniuliza.

Watu wa juu walikuwa na mikuki, pinde, na magobore machache yaliyofungwa kwa kamba. Hawakuwa na kiongozi, walikuwa na wazee waliokatizana maneno hata mbele yangu, mmoja akitaka kushambulia, mwingine akitaka kumalizia pombe kwanza. Chumvi iliwaishia, wakawa wanakula magimbi makavu na hasira. Lakini mwinuko ulikuwa wao, na chemchemi ilikuwa yao, na kila kijia kwenye msitu walikijua kwa nyayo. Wao wenyewe hawakuona kama hiyo ni nguvu. Waliyahesabu magobore ya wenzao tu, wakakata tamaa, wakaendelea kufa kwa ubishi.

Shomari alikuja mara moja tu, ameleta mkuki uliopinda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uache nje kwanza, kisha uniletee."

Akautoa, akaurudisha kwa mkono wa heshima kama mteja. Niliunyoosha polepole. Nikamuuliza habari za mama yake, akasema mzima. Nikamuuliza wadogo zake, akasema wazima. Nikamuuliza yeye wamempanga wapi.

"Kivukoni."

"Mbele?"

"Mbele ndiyo kivukoni, baba."

Kivukoni ndiko magobore yalikokuwa yakielekezwa. Niliitazama shingo yake, nyembamba bado. Nilitaka kumwambia akimbie, twende Morogoro, twende hata Bagamoyo. Alijua nitakachosema, akanitangulia kwa upole: "Wajomba ndio walionipanga." Na kwa desturi yetu hapo hakuna la kuongeza. Mjomba ndiye mwenye kauli, na baba ni mtu anayependwa.

Sasa sikilizeni jambo la watani. Mtu akifa, sisi watani ndio tunaomzika. Mfiwa hachimbi kaburi la nduguye. Kwa hiyo ukoo wangu ulikuwa ukizika pande zote mbili, leo juu, kesho chini, na kwa kuwa mtani hadhuriwi walipita popote. Mkubwa wao alikuwa mama yangu mkubwa, Mwamvua, mwanamke mfupi mwenye mdomo uliowatisha hata Mwenda. Kwenye mazishi aliwatukana wafiwa kama utani unavyotaka, akiwaambia marehemu amefanya vizuri kufa maana alikuwa na deni la kuku kwa kila mtu, na watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Siku alipokuja kiwandani hakunitukana, nikaogopa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe motoni." Akakaa. "Tumechoka kuchimba. Ardhi ya wale watu imejaa mawe."

"Poleni."

"Sitaki pole. Tunataka kupiga magoti."

Watani wana haki hiyo. Vita vikizidi hupiga magoti mbele ya upande mmoja na kuomba amani, na upande huo hauwezi kukataa, kwani nani tena atawazika? Lakini magoti hupigwa kwa mwenye nguvu. Ukimpigia magoti mnyonge anaona unamdhihaki, na mwenye nguvu anaona ameruhusiwa kumaliza kazi. Ukikosea upande unauwasha moto badala ya kuuzima.

"Wenzangu wote wanasema twende chini kwa Mwenda," akasema. "Magobore yale kila mtu anayaona. Mimi moyo wangu hauko sawa. Wewe unawaona wote. Mwenye nguvu ni nani?"

"Mama mkubwa, unajua sheria ya hapa."

"Najua. Nilikuwa nikileta majembe hapa kabla hujazaliwa." Akachukua koleo langu, akachokoachokoa makaa. "Jana nimechimba kaburi la kijana wa kivukoni. Rika la Shomari. Nilipomfunua uso nilisema Mungu wangu, ni yeye. Hakuwa yeye. Safari ijayo je?"

Sikuwa nikimfikiria Kobelo, kama mnavyoweza kudhani. Nilikuwa nikiifikiria ile shingo.

Kisha nikasema. "Tangu mvua za vuli watu wa chini hawajaniletea jembe litengenezwe, hata moja. Wananiletea majembe niyafue yawe mikuki. Masika imekaribia, na hakuna shamba lao lililoguswa. Wa juu, wanawake wao wanashuka na majembe yaliyokatika shingo, kila siku. Jembe linakatika shingo kwa kulimia."

Majembe yale niliyajua. Kulikuwa na moja lililoletwa na mwanamke nisiyemfahamu, lenye alama za nyundo yangu, nililomfulia Zaina mwaka tuliooana. Nilikaa nalo magotini kabla ya kulitia motoni. Hakuja mwenyewe, kaka zake walimkataza. Lakini lilikuwa limelika mdomo, na nikajua analima.

Mama mkubwa akatikisa kichwa taratibu. "Adui yako mwombee njaa."

"Hawahitaji kumwombea. Inakuja yenyewe. Wa juu wakikaa tu, bila kushuka kivukoni, mpaka masika iishe, Mwenda atapanda mwenyewe kuomba mbegu. Lakini hawajui, wanashuka kufa bure. Kapigeni magoti juu."

Akanyanyuka, akajipangusa. Alipofika kwenye nguzo akageuka. "Watajua ni wewe, mwanangu."

"Najua."

Wakapanda, wakapiga magoti. Nimesimuliwa kwamba wazee wa juu walitazamana, na mmoja akauliza, "Sisi?" Wakati wenzao bado wana magobore, watani wanawapigia magoti wao! Walikuwa tayari kukubali amani yoyote, hata ya kunyang'anywa bonde. Sasa wakakaa vizuri kwenye vigoda, wakakohoa, wakaikubali amani kama washindi. Mwenda naye alipopata habari hakubisha. Yeye ndiye mtu pekee kule chini aliyekuwa akitazama ghala. Kiti kikaenda juu, bonde likagawanywa, watu wa chini wakapewa mbegu, na kivuko kikawa cha kuchotea maji tena. Shomari akabaki hai.

Halafu ikaja zamu yangu. Watu waliulizana, nani aliwaambia watani wapande juu? Majembe ya pande zote mbili yalikuwa yakionwa na mtu mmoja tu. Wa chini walisema fundi ametuuza. Wa juu walisema fundi anayetoa siri za wenzetu leo, kesho atatoa zetu. Wakakutana, wakakubaliana moto uzimwe na mimi niondoke. Lilikuwa jambo la kwanza nyumba zile mbili kukubaliana tangu mkubwa wa ukoo afe, nami nimekuwa nikijisifu nalo kimoyomoyo.

Sikuona wamekosea. Sheria ni sheria, na kiwanda kisicho na siri ni jiko tu. Lakini ningeulizwa tena, ningesema tena.

Walimtuma Shomari. Alikuja na kibuyu cha maji, akasimama nje ya paa. Sikumwambia aache mkuki, hakuwa nao.

"Baba, wazee wanasema..."

"Nimeshasikia. Mimina."

Akamimina. Mvuke ulipotulia nikamuuliza, "Na wewe unasemaje?"

Akakiziba kibuyu. "Mimi ni mtu wa ukoo wangu, baba."

Akaibeba fuawe yangu kichwani mpaka Mkuyuni, lile jiwe zito la kufulia chuma, bila kupumzika, mimi nikimfuata na mivukuto na nyundo. Mkuyuni akaitua, akanipa magimbi yaliyofungwa kwenye jani la mgomba. "Mama amekupa." Yalikuwa bado na joto. Akaniamkia, akageuka. Zaina asingeweza kunifuata; angeiacha ardhi ya mama yake kwa nani? Najua sababu zote, nimezikariri. Niliyala yale magimbi peke yangu kando ya njia, na sijala chakula kigumu kumeza kama kile.

Yaliyobaki mnayajua. Morogoro nilifua visu na bawaba mpaka reli ilipofika, wakatafuta watu wanaojua chuma. Huko karakana hakuna sheria ya kula peke yako, ila nilikuwa nimeshazoea. Zaina alifariki nikiwa kazini. Habari ziliniteremkia na muuza ndizi, baada ya arobaini. Siku ile niliharibu kazi, mkanifichia, na sijawashukuru. Asanteni.

Nilidhani nitaishia hapo. Lakini wiki iliyopita nikiwa kibarazani nilisikia, "Hodi. Shikamoo, baba." Sauti nilikuwa siijui, maana niliiacha nyembamba. Alikuwa Shomari. Hakuwahi kushuka kwangu, na mimi sikuwa na ruhusa ya kupanda. Nilichinja kuku, nikapika mwenyewe, nikaomba chumvi kwa jirani ili tu nipate kumwambia nina mgeni, ni mwanangu. Nilijua kilichomleta. Amesikia nimeacha kazi, wazee waliotoa hukumu wamekufa wote, amekuja kunirudisha nyumbani. Wakati anakula niliangalia kona ya chumba nikawaza mivukuto itafungwa vipi kwa safari.

Aliponawa mikono akasema, "Baba, boma linataka kuweka jumbe mmoja tu kwa mabonde yote mawili. Bwana wa boma anauliza nyumba ipi ina nguvu. Watu wa chini wameshakwenda kujieleza. Sisi tunakwenda keshokutwa."

"Ehe."

"Wewe uliwajua watu wa chini ndani na nje. Udhaifu wao ni nini?"

"Umekuja kwa hilo?"

"Kwa hilo, baba." Akajipangusa mikono. "Na kukusalimia."

Nilivikusanya vyombo kwanza. Ningeweza kumjibu. Hata leo nikipita sokoni nikaona nani ananunua jembe na nani ananunua nguo, najua yatakayotokea mwakani. Lakini nilimwambia nimeacha kazi. Alidhani namtania, kisha akaona sitanii, akainamisha kichwa kuvaa viatu vyake mlangoni.

Hapo ndipo nilipoona mvi. Zimeanza utosini, chache, zimejikusanya kama kwa babu yake mzaa baba. Yeye hajui kama zipo, nadhani, maana mtu hajioni utosini. Niliinua mkono nimguse, nikaurudisha. Akaenda zake njia ya Mkuyuni, nami nikasimama kibarazani nikimtazama, mtu mzima, mwenye mvi, anatembea.